Mto Tana: Pwani ya Mvua na Bara la Jua

  Kaeni vizuri. Ikiwa ramani ya Kenya ipo ukutani, mmoja wenu na asimame karibu nayo, atuonyeshe kwa kidole kila mahali tutakapopataja.

Leo tutasoma habari za Mto Tana, mto mrefu kuliko yote katika Kenya. Urefu wake ni kilometa 1000 hivi. Weka kidole penye Mlima Kenya na milima ya Nyandarua: huko ndiko maji yake yatokako. Sasa shuka nao mashariki mpaka Garissa. Hapo mto unakwenda kusini, unapita Hola, unapita Garsen, mwisho unaingia baharini Kipini, karibu na Lamu.

Swali letu la kwanza ni hili. Kwa nini Lamu hupata mvua nyingi, na Garissa hupata kidogo, hali miji yote miwili iko mashariki, katika nchi ya chini? Lamu kwa mwaka hupata mvua ya milimeta 900 au zaidi. Garissa, iliyo mbali na bahari kwa kilometa zaidi ya 200, hupata kati ya milimeta 300 na 400 tu. Joto nalo ni mbali mbali. Lamu mchana huwa nyuzi 30 hivi, na usiku 24 au 25, kwa maana bahari haipati moto upesi wala haipoi upesi, nayo huituliza nchi iliyo kando yake. Garissa mchana hufika nyuzi 34 na kupita, na tofauti ya joto la mchana na la usiku ni kubwa kuliko ya Lamu, kwa kuwa mchanga mkavu hushika moto upesi na kuupoteza upesi.

Sababu kubwa ya mvua kupungua ni upepo. Watu wa pwani huzijua pepo mbili. Kaskazi huvuma tangu Desemba mpaka Machi, nayo ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni. Kusi huanza Aprili na kuendelea mpaka Septemba, nayo ndiyo iliyoyarudisha. Mtu angefikiri kwamba Kusi, ikitoka baharini imejaa unyevu, itainyeshea nchi yote. Sivyo. Karibu na pwani huleta mvua, hasa mwezi wa Mei. Lakini baadaye hujipinda, ikafuata upande wa Somalia na kuvuka bahari mpaka Bara Hindi. Mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa, John Findlater, alionyesha kwamba upepo huo ni kama mto mkubwa wa hewa upitao juu ya nyika za mashariki mwa Kenya. Nchi hiyo ni tambarare. Hakuna mlima wa kuupandisha upepo ili unyevu wake upoe na kuwa mvua. Basi wingu linapita, na ng'ombe wanalitazama tu.

Je, maji ya mto yanatoka wapi? Yanatoka milimani, ambako pande nyingine hupata zaidi ya milimeta 1500 kwa mwaka. Kwa hiyo mtu wa Hola aweza kuona mto umefurika hali kwake halikuanguka tone. Jambo hili likumbukeni, maana ndilo ufunguo wa historia ya nchi hii.

Wapokomo, walio wakulima, hawakungojea mvua ya kwao. Walingojea mafuriko mara mbili kwa mwaka: ya Aprili mpaka Juni, na ya Novemba na Desemba. Maji yalipopungua yaliacha tope lenye rutuba, nao wakapanda mpunga, mahindi na ndizi. Waorma, walio wafugaji, walikwenda na mifugo yao mbali na mto wakati wa mvua, nyasi zikiwapo. Kiangazi kilipokaza walirudi mtoni kwa njia maalumu ziitwazo malka. Mkulima alihitaji ukingo wa mto, na mfugaji pia aliuhitaji. Palihitajika masikilizano.

Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliweka kambi ya wafungwa Hola, katika jua hilo, mbali na kwao. Wafungwa walitakiwa kufanya kazi katika shamba la kumwagilia maji kutoka mtoni. Siku ya tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 waliuawa kwa kupigwa na walinzi kwa sababu walikataa kazi. Tangazo la kwanza la serikali lilisema kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi ulionyesha kuwa walikufa kwa mapigo.

Mwaka 1961 ulianza kwa ukame, ukaisha kwa mafuriko makubwa mno. Vijiji vilizungukwa na maji, chakula kikapelekwa kwa ndege. Mafuriko makubwa yalikuja tena mwaka 1997 na mwaka 2024.

Katikati ya miaka hiyo yalijengwa mabwawa matano ya umeme huko juu: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Umeme ulifika mijini. Lakini mafuriko ya kawaida yalipungua huko chini, na tope la rutuba likapungua pia. Mashamba ya mpunga yalikosa maji, malisho ya kiangazi yakawa haba. Tangu Agosti 2012 mpaka mwanzo wa 2013, Wapokomo na Waorma walipigana karibu na Garsen, wakafa watu zaidi ya 100. Siasa ilikuwamo, lakini ardhi na maji vilikuwamo pia.

Basi tumeona kwamba mvua ya milimani, upepo wa baharini na jua la bara hukutana katika mto mmoja. Afungaye maji juu amegusa chungu cha mtu wa chini, hata kama hawajaonana kamwe.

Sasa jibuni pamoja na mwalimu wenu:

1. Kwa nini Kusi haileti mvua nyingi Garissa?
2. Mto hufurikaje mahali pasiponyesha?
3. Malka ni nini?
4. Katika nchi yenu, nani yuko juu ya mto, na nani yuko chini? Huzungumza wapi habari za maji?

Swali la nne lizungumzeni kwa muda mrefu kuliko mengine. Kwaherini.