Cheti na Ithibati: Historia Fupi ya Utalii Unaojali Mazingira, kutoka Virunga hadi Kigali

Msomaji anayepanga safari ya Kigali siku hizi hukutana mara kwa mara na matangazo ya hoteli "za kijani" na safari "rafiki kwa mazingira". Je, maneno hayo yana uzito gani, na ni nani aliyeyapima? Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa njia ya historia, tukiongozwa na maneno mawili ya Kiswahili: cheti na ithibati.

Cheti ni neno lililotufikia kutoka Bara Hindi, na kwa asili ni karatasi fupi yenye maandishi. Ithibati ni neno la asili ya Kiarabu, lenye maana ya uthibitisho. Mtu anaweza kuwa na karatasi asiwe na uthibitisho. Historia ya utalii nchini Rwanda inatuonyesha kwa nini tofauti hiyo ni muhimu.

Mwaka 1925 Wabelgiji walianzisha Hifadhi ya Albert katika milima ya Virunga, na mwaka 1929 ikapanuliwa hadi upande wa Rwanda. Msitu ulilindwa, lakini jamii zilizoutegemea kwa kuni, asali na maji hazikuulizwa. Ilichukua miaka mingi kosa hilo kuanza kurekebishwa. Mwaka 2005 serikali ya Rwanda iliamua kwamba asilimia 5 ya mapato ya utalii wa hifadhi iende kwa wananchi wanaoishi jirani nazo, na mwaka 2017 ikapandishwa hadi asilimia 10. Mwaka huo huo ada ya kuwaona sokwe wa milimani, yaani ngagi, ilipanda kutoka dola 750 hadi dola 1,500. Mwaka 2018 sensa ilionyesha kwamba ngagi hao wamezidi 1,000 duniani. Hapa tunajifunza kwamba mazingira hayawezi kutenganishwa na watu wanaoishi ndani yake.

Vyeti vyenyewe vilizaliwa mbali na hapa. Mwaka 1986 Mmarekani Jay Westerveld alizikosoa hoteli zilizowaomba wageni watumie taulo zaidi ya mara moja "kuokoa mazingira", ilhali lengo lao kubwa lilikuwa kupunguza gharama. Ilidhihirika kwamba hoteli haiwezi kuwa shahidi wa nafsi yake. Mwaka 1994 cheti cha Green Key kilianzia Denmark. Katika Afrika Mashariki, Kenya ilitangulia: chama cha Ecotourism Kenya kilianzishwa mwaka 1996, na mwaka 2002 kikaanza kuzipima kambi na hoteli kwa madaraja ya shaba, fedha na dhahabu.

Vyeti vilipozidi kuongezeka, likazuka swali jipya: nani anampima mpimaji? Mwaka 2008 vilitangazwa vigezo vya pamoja vya dunia, ambavyo sasa vinasimamiwa na Baraza la Utalii Endelevu Duniani (GSTC). Vigezo hivyo vinagusa mambo manne: uongozi, manufaa kwa wenyeji, utamaduni na mazingira. Baraza hilo halizipi hoteli vyeti. Kazi yake ni kuvipa ithibati vyombo vinavyotoa vyeti. Hapo maneno yetu mawili yanapata kila moja mahali pake.

Kigali nayo ina njia yake. Mji huu ulianza na sheria kabla vyeti havijazoeleka. Sheria ya mwaka 2008 ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na ile ya mwaka 2019 ikaongeza vifaa vya plastiki vinavyotumika mara moja tu. Mwaka 2022 bustani ya Nyandungu ilifunguliwa katika ardhi oevu iliyokuwa imeharibiwa. Kwa hiyo hoteli ya Kigali inayojisifu kwamba haitumii mifuko ya plastiki inatii sheria tu. Haijafanya la ziada. Vilevile nyota za hoteli zisituchanganye, kwani kimsingi hupima huduma na starehe.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kulipia chumba, uliza maswali manne. Cheti kimetolewa na nani, na mtoaji ana ithibati ya nani? Je, mkaguzi wa nje alifika, au hoteli ilijaza fomu tu? Muda wake unakwisha lini? Na wafanyakazi, mboga na maziwa vinatoka wapi? Swali la mwisho ndilo ambalo jirani wa Virunga angeuliza kwanza. Pia tukumbuke kwamba nyumba ndogo ya wageni inaweza kukosa cheti kwa sababu ya gharama, na bado ikafanya vizuri. Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Penye tangazo kubwa, tuombe ithibati.