Mji Unaishia Wapi?

Basi la Mombasa likishaiacha Jogoo Road, abiria Mwislamu wa Pumwani bado si msafiri. Tiketi anayo, begi liko kwenye buti, ila kwa madhehebu ya Shafii, yenye wafuasi wengi pwani na hata huku Majengo, rukhsa ya safari haianzii stendi. Huanza akishaziacha nyuma nyumba za mji. Hapo ndipo adhuhuri, alasiri na isha hushuka kutoka rakaa 4 hadi 2 (magharibi hubaki 3), mradi safari yenyewe ni ya masafa, kama kilomita 80 na zaidi.

Zamani nyumba ziliisha upesi. Leo ukipita Imara Daima ni maghala hadi Syokimau, kisha Mlolongo, na ukija kushtuka uko Athi River, paa bado zinakuandama. Kibao cha Kaunti ya Machakos hakimsaidii abiria wetu: fakihi huangalia nyumba, si kibao, na vijiji vilivyoshikana kwake ni mji mmoja.

Myahudi naye ana swali hilohilo, ila kwake linageuka. Eastlands hatuna sinagogi. Ya Nairobi iko upande wa pili wa jiji, karibu na Chuo Kikuu, na jengo lake la sasa ni la 1955. Sabato haimpunguzii mtu kwa kuwa yuko likizo. Ijumaa jua likitua, awe Diani au Buruburu, hapandi gari, hashiki pesa, hata ufunguo wa chumba hautii mfukoni akatoka nao barabarani. Treni ya alasiri ya SGR siku hiyo si yake. Sabato itamkuta Tsavo. Mishna, mkusanyiko wa kale wa sheria za Kiyahudi, imemfikiria hata aliyeingiliwa na giza njiani: mkoba wake wa pesa ampe asiye Myahudi amshikie. Lakini kutembea kwa miguu ruksa: mji mzima, uwe mkubwa vipi, kisha dhiraa 2,000 nje yake, karibu kilomita moja. Na nyumba iliyo ndani ya dhiraa 70 na ushei kutoka mjini huhesabiwa ya mji.

Basi ploti zilezile za pembeni mwa jiji zinamcheleweshea Mwislamu wepesi wake, huku zikimpanulia Myahudi uwanja. Sheria moja humlegezea mtu kamba akiondoka kwao. Nyingine humtaka apafanye kwao popote jua linapomtulia. Wasabato wa Umoja, walio na siku hiyohiyo, hawapimi dhiraa hata moja, na nadhani wamejinyima mjadala mtamu.

Ukisafiri Desemba hii, muulize imamu wako nyumba ya mwisho ni ipi. Ile ya mwaka jana imeshapata majirani.