Meli ya Liemba: Chombo cha Safari na Hazina ya Taifa

Tunapotaja urithi wa kale wa taifa letu, aghalabu fikra zetu huelekea kwenye mawe. Tunakumbuka misikiti na majumba ya Kilwa Kisiwani, au makaburi ya Kaole karibu na Bagamoyo. Ni nadra kufikiri kwamba hazina ya historia huweza pia kuwa na injini, ikapakia magunia ya dagaa, ikapiga honi usiku wa manane mbele ya kijiji kisicho na barabara. Katika makala haya tunakusudia kueleza habari za hazina ya namna hiyo, nayo ni meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika, ili tupate kulijibu swali moja: je, nani alipe gharama ya kitu ambacho nauli yake haiwezi kukitunza?

Meli hii iliundwa mwaka 1913 mjini Papenburg, Ujerumani. Ilipewa jina la Graf von Götzen, yaani jina la gavana aliyeitawala nchi yetu wakati Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905. Baada ya kuundwa ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa njia ya Reli ya Kati. Reli hiyo, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Kigoma mwaka 1914. Meli iliunganishwa upya ufukoni, ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915, wakati Vita Kuu ya Kwanza imekwisha kuwaka.

Tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma, waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa Mto Malagarasi. Lakini kwanza waliipaka mitambo mafuta mazito isipate kutu, kwa kuwa walitumaini kurudi. Hawakurudi. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua, wakaitengeneza, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la sehemu ya kusini ya ziwa hilo.

Hapa yafaa tutue kidogo. Wakoloni hawakuileta meli hii kwa ajili ya nauli za wanavijiji. Waliileta kwa kuwa dola yao ilitaka kulitawala ziwa, na dola inapotaka jambo haisubiri faida ya tikiti. Basi tusikubali kuambiwa kwamba reli na meli za umma zilikuwa biashara iliyojilipa yenyewe, kisha ikaharibika mikononi mwetu. Tangu mwanzo vyombo hivi vilitegemea uamuzi wa dola. Kilichobadilika baada ya Uhuru mwaka 1961 ni shabaha: chombo kilichonuiwa kutisha watu kiliendelea kwa kazi ya kuwahudumia.

Na huduma hiyo haikuwa ndogo. Kwa miongo mingi Liemba ilisafiri kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, ikipitia vijiji vingi vya kando ya ziwa. Mahali pengi hapakuwa na gati. Meli ilitia nanga mbali na ufuko, na mitumbwi ikaja ubavuni kushusha abiria, wagonjwa, mahindi na samaki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Shirika la Reli Tanzania liliirithi kazi hiyo. Katika miaka hiyo ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa na mahali pake zikawekwa za dizeli. Mwaka 1997 ilirudisha wakimbizi wengi kwao Kongo. Mwezi Mei 2015 iliokoa maelfu ya wakimbizi wa Burundi waliokwama katika ufuko wa Kagunga, ikiwachukua mamia kwa mamia hadi Kigoma. Je, kitendo hicho kiandikwe katika safu gani ya daftari la faida na hasara?

Wapo wanaosema kwamba chombo kikongwe kama hiki kiuzwe chuma chakavu, na fedha zinunue meli mpya. Wapo wengine wanaosema kifungwe gatini, kiwe jumba la makumbusho. Hoja zote mbili zina uzito. Wananchi wanahitaji meli salama, wala hapana historia inayostahili kulipwa kwa maisha ya abiria. Hata hivyo, gofu la mawe likipuuzwa hubomoka polepole, bali chuma kikiachwa majini bila kazi huliwa upesi na kutu. Liemba iliishi zaidi ya karne moja kwa sababu watu waliihitaji, na kwa kuwa waliihitaji waliitengeneza.

Aidha, sheria peke yake haitoshi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka mwaka 1863 kuwa mpaka: vilivyotengenezwa kabla yake vilipata hifadhi kwa umri wao, na vya baadaye vilihitaji kutangazwa. Hata magofu ya Kilwa, yaliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yaliwekwa kati ya yaliyo hatarini mwaka 2004, yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya fedha na mikono ya mafundi kufanya kazi. Tangazo halizibi ufa.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: fedha za umma zinazotumika kuitunza meli ya namna hii si sadaka, wala si hasara. Mfuko mmoja hulipia mambo mawili, safari ya mwananchi wa leo na kumbukumbu ya mwananchi wa kesho. Lakini mali bila daftari hupotea bila habari. Hatuna budi kudai hesabu safi na usalama wa kweli. Walimu wawafundishe vijana kwamba jina la gavana lilifutika ubavuni mwa meli, lakini kazi ya mabaharia, mafundi na wachukuzi wetu ndiyo iliyoifanya iwe yetu. Usiache mbachao kwa msala upitao.