Nani Tasa? Vijidudu vya Mji wa Mimba na Historia Yake

Huku Mella ukikaa na wazee wa Kiteso utasikia habari za ng'ombe wa mahari waliorudishwa kwa sababu mke hakuzaa. Mume aliketi tu, hakuna aliyemuuliza kitu. Sisi tuliokimbia kutoka mbali tulikuta maneno yale yale tuliyoyaacha kwetu.

Lakini ukifuata historia, lawama hiyo haisimami. Kijidudu cha kisonono kiligunduliwa na Mjerumani Albert Neisser mwaka 1879. Kikipanda ndani kinaweza kuziba mirija ya uzazi, na mama anaweza kukaa nacho bila kusikia maumivu yoyote. Wakati wa ukoloni, watu wengi Afrika ya Kati, pamoja na kaskazini mwa Kongo, hawakupata watoto, na mengi yalisemwa juu ya mila na tabia zao. Kisha miaka ya 1970 O. P. Arya na wenzake walichunguza vijiji vya Uganda. Walilinganisha Teso, ndugu za hawa majirani zetu, na Ankole kule magharibi. Kisonono kilikuwa kingi zaidi Teso, na utasa pia. Na kisonono hakiji peke yake, kuna aliyekileta! Mara nyingi ni yule aliyekuwa anadai ng'ombe wake.

Basi watu wakadhani kila kijidudu ni adui. Mfaransa Henry Tissier tangu 1900 alishasema mtoto hukua tumboni mahali pasipo na kijidudu hata kimoja. Wazo hilo lilikaa zaidi ya miaka mia. Mwaka 2016 Inmaculada Moreno na wenzake wa Hispania walitoa habari nyingine. Walipima maji ya mji wa mimba wa wanawake 35 waliokuwa wakisaidiwa kupata mimba kwa njia ya maabara. Wale waliokuwa na bakteria wa laktobasili kwa wingi, zaidi ya asilimia 90, kiinitete kilijishikiza kwao vizuri kuliko kwa wale waliokuwa na mchanganyiko wa bakteria wengine. Wanawake 35 ni wachache, na wanasayansi bado wanabishana kama bakteria hao ni wenyeji wa mji wa mimba au wanapanda tu kutoka chini.

Jamaa za laktobasili ndio wanaogandisha maziwa ya mala. (Usiende kunywa mala ukasema umetibiwa.) Ukeni hutengeneza asidi inayowafukuza wadudu wabaya. Sasa wasichana wa kikundi changu wanaambiwa wajioshe ndani kwa sabuni, ndimu na dawa za majani ili wawe "safi". Wanachofukuza ni walinzi wao. Maji ya nje yanatosha.

Siku ya somo hili nimeanza kuwaita wavulana pia. Wiki ya kwanza walikuja wanne, wakakaa karibu na mlango.