Chungu cha Mtaa: Vile Jirani Alivyomlisha Jirani Nchini Sudan



Hebu jaribu kufikiria uko safarini Sudan, ndani ya basi, mwezi wa Ramadhani, na jua linakaribia kuzama. Basi linapita vijiji vya Gezira, kusini ya Khartoum. Ghafla dereva anafunga breki. Mbele wamesimama vijana katikati ya barabara, wameshika kilemba kirefu kutoka upande huu hadi upande wa pili, hapiti mtu. Usiogope, si majambazi hao. Wanachotaka ni ushuke, ukae nao mkekani, ufuturu. Kuna asida, yaani ugali wa mtama, kuna mchuzi wa bamia kavu, na kuna kinywaji cha hulu-mur ambacho akina mama walikitayarisha kabla mwezi haujaandama. Ukikataa kushuka, utakuwa umewavunjia heshima.

Nimeanza na mkeka huo kwa sababu. Vita vilipozuka Sudan mwaka 2023, serikali ikapotea mitaani, mabenki yakafungwa, mashirika makubwa yakaondoa watu wao. Lakini vyungu vikaendelea kuchemka. Vijana wasio na mshahara wala cheo walikuwa wakipikia mitaa mizima. Watu duniani wakashangaa: hawa nao wametoka wapi? Jibu ni kwamba hawakutoka popote. Walikuwa pale pale miaka yote. Na hilo ndilo ninalotaka tuzungumze leo: chungu kinachookoa watu wakati wa njaa huwa kimewekwa tayari kabla njaa haijafika.

Na usiniambie Sudan ni mbali. Kibra yetu ya Nairobi iliasisiwa na askari Wanubi wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la Mwingereza, na wajukuu wao wako pale mpaka leo.

Mwaka wa Sita

Wasudani wana njaa moja ambayo wazee waliisimulia vizazi kwa vizazi. Wanaiita Sanat Sitta, Mwaka wa Sita, yaani mwaka 1306 wa Hijria, sawa na 1888 hadi 1889. Wakati huo nchi ilikuwa mikononi mwa Khalifa Abdullahi, aliyemrithi Mahdi. Mvua ilikosekana, nzige wakaingia, na vita vilikuwa vimeshachosha watu. Juu ya hayo, Khalifa aliamuru makabila ya magharibi yahamie Omdurman, watu kwa maelfu pamoja na mifugo yao.

Hesabu hiyo hata mtoto wa shule ataifanya. Walimaji wamepungua, walaji wamejaa mjini, ghala ni tupu. Watu walikufa kwa wingi sana, vijiji vingine vikabaki magofu.

Angalia jambo moja hapo, msomaji wangu. Sisi tukisikia njaa twasema mara moja ni ukame, ni qadar. Ni kweli mvua haiko mikononi mwetu. Lakini ukichunguza njaa kubwa za historia, mara nyingi utaukuta mkono wa binadamu ndani yake: vita, amri mbaya, ama mkubwa aliyekataa kusikia.

Mbegu na mchanga

Mkubwa aliyekataa kusikia alikuja miaka 100 hivi baadaye. Mwaka 1984 mvua ziliposhindwa tena Darfur na Kordofan, Rais Jaafar Nimeiri hakutaka kukiri kwamba watu wake wana njaa. Msaada ukachelewa. Mtama wa Marekani ulipofika hatimaye, watu waliupa jina la Reagan, rais wa Marekani wa wakati huo. Nimeiri mwenyewe alipinduliwa tarehe 6 Aprili 1985.

Sasa, wale watu wa Darfur waliishi vipi kabla ya mtama wa Reagan? Mtafiti mmoja Mwingereza, Alex de Waal, alizunguka vijijini akawauliza wenyewe, na mwaka 1989 akatoa kitabu. Alichokikuta ni kwamba watu hawakukaa wakinyoosha mikono. Akina mama waliingia porini kuchuma mukheit, mbegu chungu ambayo hailiki mpaka uiloweke siku kadhaa na kubadilisha maji kila mara ili uchungu utoke. Kuna waliolala njaa ilhali mawele yamo ndani, kwa sababu yale mawele yalikuwa ni ya kupanda msimu ujao. Wakachanganya mbegu hizo na mchanga ili watoto wasije wakazila.

Wewe kama mzazi, fikiria kidogo. Mtoto analia na chakula kimo ndani, nawe unakitia mchanga, kwa sababu unajua ukila mbegu leo basi mwakani umekwisha.

Hata hivyo waliokufa Darfur katika njaa ile wanakadiriwa kukaribia 100,000, na wengi wao ni watoto. Na de Waal aliona kwamba wengi hawakuuawa na tumbo tupu peke yake. Waliuawa na surua na kuhara, pale watu walipokimbilia sehemu moja wakanywa maji machafu. Kwa hivyo kumlisha mtu si kumjaza tumbo tu. Mwili dhaifu unataka chakula chenye nguvu na maji safi, la sivyo ugonjwa mdogo unamaliza.

Nafeer

Wasudani wana neno nafeer. Mtu akitaka kujenga nyumba ama kuvuna shamba, anaita nafeer, wenzake wanakuja kufanya kazi, naye anawapikia. Kesho ni zamu ya mwingine. Sisi tuna harambee, Wakamba wana mwethya, Wajaluo wana saga, na watu wa pwani wana kikoa, kule kula pamoja kwa zamu. Ni damu moja.

Mwezi wa Agosti 2013, Ramadhani ikiwa inamalizika, mafuriko yaliizamisha mitaa mingi ya Khartoum. Serikali ilijikokota. Vijana wakaanzisha kampeni, wakaiita kwa jina lile lile la Nafeer. Walipita kwa miguu ndani ya maji, wakaandika nyumba zilizoanguka na familia zinazohitaji chakula, wengine wakakaa kwenye simu kupokea habari, wengine wakabeba magunia.

Miaka mitano baadaye likaja suala la mkate. Disemba 2018 bei ya mkate ilipanda mara tatu, na watu wa mji wa Atbara wakaingia barabarani. Maandamano yakaenea nchi nzima, na tarehe 11 Aprili 2019 Rais Omar al-Bashir akaondolewa baada ya kutawala miaka 30. Nyuma ya maandamano hayo zilikuwako kamati za mitaa, zilizojulikana kama kamati za upinzani. Baada ya Bashir kwenda, kamati nyingi hazikuvunjika. Vijana walirudi mitaani kwao, wakawa wanasimamia unga usiuzwe kwa magendo na mkate ugawanywe kwa haki. Kazi ya vumbi, haina kamera wala shangwe. Lakini walikuwa wakijifunza, wenyewe hawajui, kazi ambayo ingekuja kuokoa maisha ya watu.

Jiko la dharura

Tarehe 15 Aprili 2023, sawa na Ramadhani 24 mwaka 1444, bunduki zililia Khartoum. Jeshi la taifa na kikosi cha RSF walikuwa wanapigana wao kwa wao katikati ya mji wenye mamilioni ya watu, na watu wamefunga. Masoko yakachomwa, maji na stima vikakatika, mishahara ikasimama.

Zile kamati ziligeuka mara moja kuwa ghuraf al-tawari, vyumba vya dharura. Na kazi yao kubwa ikawa ni kupika. Majiko yao wanayaita takaya. Moja ni takiya, neno la zamani linalotokana na zawiya za Masufi, pahali ambapo msafiri na maskini hulishwa bila kuulizwa wewe ni nani.

Jiko lenyewe linaendeshwa hivi. Kwanza ni orodha. Kijana wa mtaa anajua nyumba ipi ina mjane, ipi ina mgonjwa, ipi imepokea wakimbizi jana usiku. Mgeni kutoka ofisi ya ng'ambo hatajua hayo hata akikaa mwaka. Kisha ni sufuria kubwa, kuni au makaa, na chakula cha bei nafuu kinachoshika mwili: maharagwe ya fuul, dengu za adas, wali, asida. Kila familia inamtuma mtoto na chombo. Mara nyingi ni mlo mmoja kwa siku, na ndio huo huo.

Pesa zilitoka kwa Wasudani wenyewe walioko Ghuba, Ulaya na Marekani, na baadaye kwa wafadhili. Zilipita kwenye simu kwa programu ya benki iitwayo Bankak, vile sisi tunavyotumiana kwa M-Pesa. Februari 2024 mtandao ulipozimwa karibu nchi nzima, majiko mengi yalikwama, kwa sababu bila simu hakuna pesa, na bila pesa hakuna dengu. Wakatafuta vifaa vya setilaiti ili pesa zipite tena.

Akina mama na mabinti walikuwa nguzo kubwa ya kazi hii, na wengine walifungua vyumba vyao wenyewe vya dharura. Si kazi ya salama. Wapo waliotiwa ndani na wapo waliouawa, na pande zote mbili za vita zimewatendea hayo. Kosa lao ni kubeba mwiko.

Chungu peke yake hakitoshi

Nisikudanganye nikakuambia majiko yameimaliza njaa ya Sudan. Mwezi wa Agosti 2024, wataalamu wa kimataifa walithibitisha baa la njaa katika kambi ya Zamzam, karibu na mji wa El Fasher, Darfur. Mwisho wa mwaka huo, watu karibu milioni 25, nusu ya nchi, walikuwa hawana chakula cha kutosha. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, zaidi ya majiko 1,100 yalifungwa kwa muda mfupi. Hapo ikaonekana hatari ya kuegemea mfuko mmoja.

Na El Fasher yenyewe ilizingirwa kwa zaidi ya siku 500. Chakula kikawa hakiingii. Watu wakala ambaz, yale makapi ya njugu yanayobaki baada ya kukamuliwa mafuta, chakula cha mifugo. Ikafika siku hata makapi hayapatikani. Tarehe 26 Oktoba 2025 mji ukaanguka mikononi mwa RSF. Mwaka huo huo vyumba vya dharura vilipewa tuzo ya Rafto kule Norway na tuzo ya Right Livelihood kule Sweden. Tuzo ni heshima, sawa. Lakini mpishi anataka amani na barabara iliyo wazi.

Na sisi je?

Sasa turudi nyumbani. Tuseme ukweli, sisi Wakenya si watu wa roho mbaya. Mwaka 2011 kwenye ule ukame mkubwa, tulichanga mamilioni ya shilingi kwa simu kupitia Kenyans for Kenya, na matajiri na wauza mboga wote walitoa. Na Ramadhani ikiingia, kila mtaa una mfuko wa futari.

Lakini nitakupa kisa kimoja. Mwaka mmoja vijana wa mtaani kwetu, nami nikiwemo, tulichangisha unga, tende, mchele na mafuta. Tuligawa vizuri, tukapiga picha, tukasifiwa. Idd ikapita, kamati ikalala. Miezi mitatu baadaye nilipita mlangoni kwa bi mkubwa mmoja tuliyempa mfuko. Nikamsalimia, akaitika, kisha akaniuliza taratibu, "Mwanangu, kwani njaa yetu mumeiandikia mwezi mmoja tu?" Wallahi sikuwa na jibu. Nilikwenda kutafuta ile orodha ya majina, nikakuta hakuna anayejua iliko.

Vijana wa Sudan hawakuwahi kuipoteza orodha yao. Hiyo ndiyo tofauti.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, mwaka huu usiishie kwenye mfuko. Wewe na wenzako watano kaeni chini muandike nyumba za mtaa wenu: nani anaishi peke yake, nani ana watoto wadogo, nani ni mgonjwa. Mfuko wenu usiwe unga na sukari tu. Tieni maharagwe, kunde, ndengu na omena, vitu vinavyojenga mwili wa mtoto. Kule Kordofan akina mama hupanda jubraka, bustani ndogo kando ya nyumba, wakapata bamia, kunde na maboga. Nasi hata kwenye gunia moja la mchanga, sukuma wiki na mchicha huota. Kila shilingi iandikwe, na hesabu ibandikwe pahali ambapo kila mtu ataiona, maana uaminifu ukitoka, chungu hupoa. Kisha mchango wenu uendelee hata Idd ikishapita, hata kama ni shilingi 20 kwa wiki. Haba na haba hujaza kibaba.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awape ndugu zetu wa Sudan amani, awarehemu waliokufa wakiwa wameshika mwiko, na atuwezeshe sisi kuwa majirani wanaojulikana hata mwezi wa Shawwal. Amin.