Furaha ya Vijana wa Muheza: Galo, Kipande na Beni

Tusemapo kuwa kijana ana furaha, twapima kitu gani? Wengi hutazama mfuko wake. Wataalamu wa elimu ya jamii wamekitilia shaka kipimo hicho tangu zamani. Mfaransa Émile Durkheim, katika kitabu chake juu ya kujiua kilichotoka mwaka 1897, alieleza kuwa mtu aliyekatika na wenzake, na ambaye matamanio yake hayana mpaka, hukosa utulivu hata mali inapoongezeka. Si lazima twende Ufaransa kuyachunguza hayo. Historia ya Muheza yatutosha.

Katika nchi ya Bonde, kijana wa karne ya 19 aliingizwa utu uzima kwa mila iliyoitwa galo. Wamisionari wa Kianglikana waliojenga Magila hawakupendezwa nayo, lakini hata vijana waliosoma na kubatizwa waliona vigumu kuiacha. Hapana ajabu. Mila ya namna hiyo ndiyo iliyompa mtoto cheo cha mtu mzima, na kuikosa kulikuwa kukosa mahali pa kukaa mbele ya wenzake. Hatusemi kuwa ilikuwa raha tupu, kwani iliwaweka vijana chini ya amri za wazee.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, ikapona 62 tu. Mwaka 1896 reli ya kutoka Tanga ikafika Muheza, na mashamba yakaenea yakitaka mikono mingi. Wenyeji wengi waliona afadhali kulima vyakula na kuyauzia mashamba hayo kuliko kukata mkonge. Wakoloni waliita tabia hiyo uvivu. Kwetu sisi ni hesabu nzuri.

Basi wakataji wakaletwa kutoka mbali: Kigoma, Songea, Rwanda na Burundi, Msumbiji. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alitambuliwa kwa namba. Kazi yao ilihesabiwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30. Aliyeshindwa kumaliza kazi aliyopimiwa hakutiwa alama ya siku ile, hivyo kipande kimoja kiliweza kupita mwezi. Kijana aliyekuwa kwao mtoto wa fulani, wa ukoo fulani, huku akawa tarakimu. Fedha alipata, ingawa kidogo. Lakini ni nani angemwita kwa jina lake?

Jibu vijana walilitafuta wenyewe, katika ngoma. Siku za mapumziko kambi zilijaa ngoma za makabila mbalimbali. Mijini mwa pwani, Tanga ikiwemo, ilivuma beni, yenye vyama vya Marini na Arinoti. Wachezaji walivaa sare, wakaandamana kwa matarumbeta, wakapeana vyeo: huyu Kingi, yule Jenerali. Wazungu kadhaa waliona hapo uigaji wa kuchekesha, nasi twadhani waliangalia mavazi wakasahau watu. Aliyetumwa juma zima kama boi aliheshimiwa jioni moja kama jemadari. Tena akiugua, chama kilimwangalia, na akifa, kilimzika. Huo ulikuwa ustawi ambao mshahara haukuununua.

Mwandishi mkuu wa Tanga, Shaaban Robert, alilishika swali hilohilo katika Utubora Mkulima: shujaa wake anaacha kazi ya mshahara mjini na kwenda kulima. Lakini Utubora alikuwa na hiari ya kuchagua. Manamba wengi walisukumwa na kodi.

Tanganyika ilipokuwa Jamhuri mwezi Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alitangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Kuyaweka mambo hayo mawili chini ya paa moja kulikuwa na maana, kwani alisikitika kuwa vijana walifundishwa kuzionea haya ngoma zao. Mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa mwaka 1967, wakati bei ilikuwa imekwisha kuporomoka kwa ushindani wa nyuzi za viwandani, na kazi zikapungua.

Leo Muheza inajulikana zaidi kwa machungwa, na kijana aegemeaye pikipiki yake kituoni akingoja abiria huenda ni mjukuu wa manamba asiyerudi kwao. Wenzake wa kijiweni huchangishana mmoja wao anapofiwa, na kila mmoja wana jina la utani la kumwitia.