Ping: programu ya jioni moja

Leo ni historia kidogo. Kila msimu wa usajili mtandao wa chuo unagoma, na hakosekani jamaa wa kusema, "Mbona nimepiga ping, seva inajibu!" Hapo ndipo penye utamu.

Ping iliandikwa Desemba 1983 na Mmarekani Mike Muuss, kwenye maabara ya jeshi lao, Ballistic Research Laboratory, huko Maryland. Mtandao wao ulikuwa unaleta vituko. Julai ya mwaka huohuo alikuwa amemsikia David Mills, kwenye mkutano Norway, akieleza jinsi ya kupima ucheleweshaji kwa kutuma ujumbe wa mwangwi. Kanuni ya mwangwi ilikuwepo tangu Septemba 1981, kwenye waraka wa Jon Postel: ukitumiwa, rudisha ulichotumiwa. Basi Muuss akakaa jioni moja, mistari kama elfu hivi, kazi kwisha. Jina akachukua mlio wa sona, ile ya kusakia nyambizi. Cha kuchekesha, kabla hajarusha pakiti ya kwanza, kifaa kibovu kikawa kimeshatengenezwa! Ila watu wa Berkeley wakaibeba na kuitia kwenye Unix yao. Muuss alifariki kwa ajali ya gari Novemba 2000.

Sasa turudi kwa yule jamaa. Anayejibu mwangwi ni kiini cha mfumo wa kompyuta, sio programu ya usajili. Hiyo inaweza kuwa imekufa tangu jana na seva bado inaitika. Ni kama kupiga hodi, mlinzi wa geti akaitika, kumbe mwenye nyumba kasafiri zamani.

Ukitaka huduma, gonga mlango wake wenyewe: poti 80 kwa wavuti, 25 kwa barua pepe. Unix ya Berkeley toleo 4.2, nayo ya 1983, ilileta soketi, na amri yake ya connect ndiyo inagonga. Utakubaliwa, utakataliwa, au utapata kimya. Mie kukataliwa nakupenda kuliko kimya: mara nyingi maana yake mashine ipo ila mlangoni hakuna mtu. Na hata ukikubaliwa usishangilie, programu iliyoganda nayo hufungua mlango. Omba ukurasa kabisa uone kama unakuja.

Mwaka 1999 Ethan Galstad akatoa NetSaint, iliyoitwa Nagios kuanzia 2002, inayofanya ugongaji huo yenyewe usiku na mchana. Kila kipimo kinarudisha namba: 0 salama, 1 tahadhari, 2 hatari, 3 haijulikani.

Haya, ngoja niwahi foleni ya msosi.